Maua Niliyompelekea Wayne

Watu wa Meru tunasingiziwa hasira. Mimi sisingiziwi, ninayo. Na Jumatatu ile ya Sikukuu ya Shukrani hapa Kanada nilipanda nayo treni ya kwenda Pickering, nimevaa gauni jekundu ambalo Wayne alilipenda kuliko nguo zangu zote, na mapajani nimepakata chungu cha maua ya manjano.

Maua nilikuwa nimeyanunua asubuhi pale Parkdale, kwenye duka la mboga lililo chini ya ghorofa yetu. Oktoba ikifika, Toronto nzima huweka maua hayo mlangoni pamoja na maboga, na hakuna anayeyawazia lolote. Nilichagua chungu kikubwa kuliko vyote. Goretti, rafiki yangu wa Bukavu ninayeishi naye, alinitazama nikikigeuzageuza kutafuta upande mzuri.

"Ma chère, haya maua ni ya makaburi."

"Najua."

"Unaenda kula ao unaenda kwa kilio?"

"Vyote viwili."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Goretti anatunza wazee, anaujua uso wa mtu aliyekwisha kuamua jambo. "Na ile karatasi yao ya nyumba, utaweka signature?"

"Kwa wakili ni kesho, saa nne asubuhi."

"Sikuuliza saa. Nimeuliza kama utaweka."

Jibu nilikuwa nalo, ila nilitaka Wayne awe mtu wa kwanza kulisikia, tena mbele ya mama yake, tena akiwa na chakula mdomoni.

Ngoja nikueleze Wayne ni nani, maana usipomjua utaniona mimi ndiye mbaya.

Wayne Macharia alizaliwa Thika, akakulia Uingereza, mjini Reading. Ana pasi ya Uingereza na ndoto za Kiingereza. Tulikutana huko nikiwa nesi wa wodi ya mifupa, yeye amevunjika mkono kwenye mpira. Nilimzidi miaka minne na sikuona tatizo. Mama yake, aliyekuwa amehamia Kanada, aliliona kutoka huko. Mwaka wa pili wa mapenzi yetu akaniambia kwamba Waingereza wenzake wanahamia vijijini Ufaransa, wananunua nyumba za mawe za zamani, wanakunywa mvinyo juani. Twende na sisi. Tukaenda. Tukanunua nyumba Chantrelles, kijiji chenye kanisa, duka la mkate, na ng'ombe wengi kuliko watu. Hati iliandikwa kwa majina mawili, lake na langu.

Jua tulilipata wiki sita. Muda uliobaki tulipasua kuni. Paa lilivuja, shimo la choo lilijaa, na panya waliokuwa darini walituona sisi ndio wageni. Kila Alhamisi Waingereza wa eneo lile walikutana mkahawani kuwalalamikia Wafaransa kwa Kiingereza, na Wayne hakukosa. Mimi nilikwenda kwa jirani yetu Odile, mjane wa miaka sabini na kitu, nikajifunza Kifaransa huku tukinyonyoa kuku. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukiingia kwa muuza mkate bila kusema "bonjour" kwanza, utapewa mkate wa jana. Baada ya mwaka mmoja fundi wa paa, karani wa kijiji na daktari wote walinitafuta mimi. Wayne walimwita mume wa Nkirote, na hata mume hakuwa.

Novemba yetu ya kwanza Odile alitualika chakula cha Jumapili. Wayne alitaka kuonyesha adabu zake, akaenda supamaketi akarudi na chungu kikubwa cha maua ya manjano, haya haya. Tulipoingia nayo, wote waliokuwa mezani waliyakodolea macho. Mtoto wa kiume wa Odile aliweka kisu chini. Kule maua hayo hupelekwa makaburini tu, siku ya kuwakumbuka marehemu, na Wayne alikuwa amemkabidhi mjane mezani kwake. Alipoelewa, alitamani sakafu immeze. Lakini nakumbuka alichofanya, na ndicho kilichonifunga kwake miaka ile yote: alikibeba tena kile chungu, akamwomba Odile amwonyeshe kaburi la mumewe, tukaenda watatu kwenye manyunyu, akapiga magoti matopeni akakiweka pale. Odile alilia. Tangu siku hiyo tulikuwa watoto wake.

Tukirudi nyumbani, mkono wangu ukiwa ndani ya mfuko wa koti lake, Wayne alisema: "Nkirote, siku nikikuacha, niletee chungu kama kile. Ujue nimeshakufa."

Nilicheka. Nilimbusu pale pale barabarani, mbele ya ng'ombe wa watu.

Halafu ikaja ile Julai. Wayne alikuwa ameahidi kwenda kwetu na wazee wake kunichumbia. Ahadi ilikuwa na miaka: paa likiisha tutaenda, jiko likiisha tutaenda. Mwishowe siku ikapangwa. Mimi nilitangulia Meru. Yeye angetua Nairobi Ijumaa, akutane na wajomba zake, waje kwetu Jumamosi. Baba alipaka nyumba rangi. Alinunua koti jipya la kijivu, akaketi nalo barazani na wazee wenzake kuanzia saa tatu asubuhi. Simu ya Wayne ilikuwa imezimwa. Chakula kilipoa, kikapashwa, kikapoa tena. Wazee waliaga mmoja mmoja. Saa kumi na mbili jioni Baba alikuwa bado amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, na ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Siwezi. Mama hataki. Nisamehe." Baba sikumwonyesha.

Niliporudi Chantrelles nguo zake hazikuwepo. Alikuwa amehamia kwa mama yake, Kanada. Nilikaa baridi nzima peke yangu katika ile nyumba ya mawe, nikipasua kuni mwenyewe, na kila gogo nililiita Wayne kabla ya kulishushia shoka.

Kitu kimoja hakuondoka nacho: Kifaransa cha Odile. Kanada walikipenda sana kile Kifaransa, na fomu zangu zikapita. Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua Toronto, nasema kazi za nesi ni nyingi. Goretti peke yake anajua ukweli. Nyumba ya majina mawili haiuziki kwa jina moja, na nilitaka siku Wayne atakaponihitaji nisiwe mbali, niuone uso wake kwa karibu.

Nilingoja miaka miwili. Mwishoni mwa Septemba simu ikalia. Hakuniuliza hali. Alisema kuna mke na mume kutoka Uingereza wanaitaka nyumba, wana haraka, na inatakiwa sahihi yangu. Kisha sauti yake ikalainika kidogo, akasema mama yake amesema nije nile nao siku ya sikukuu, tuyamalize kama familia.

Kama familia. Nikasema nitakuja.

*

Mlango aliufungua Wayne mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni na kule kunenepa kulimpendeza, jambo ambalo liliniudhi. Macho yake yalianzia kwenye gauni, yakapanda taratibu mpaka usoni kwangu, yakakaa. Moyo wangu, msaliti yule, ukaruka. Kisha akaona nilichobeba, na uso wake ukabadilika.

"Nkirote," alisema chini chini. "Hayo maua..."

"Si uliniagiza?"

"Please. Si leo."

"Ni leo hasa."

"Ni yeye?" sauti iliita kutoka ndani, na Mama Wayne akatokea nyuma yake, amejifunga lesso juu ya nguo ya kanisani. Jina lake ni Jennifer, lakini mimi sikuwahi kupewa ruhusa ya kumwita lolote. "Mbona mnasimama kwa baridi? Aii, tazama maua! Wayne, pokea basi! Mgeni amebeba mzigo na wewe unamwangalia tu!"

Akapokea. Nilihakikisha vidole vyetu vinagusana. Kwenye kidole gumba alikuwa bado na kovu la shoka, nililomshona mwenyewe kwenye meza ya jikoni kwetu, na nililigusa kidogo kabla ya kuachia.

"Yaweke katikati ya meza," mama yake aliamuru, "yachangamshe chakula."

Basi tukala hivyo. Upande huu nilikaa mimi. Upande ule alikaa Wayne, na kati yetu maua ya wafu, kila akiinua macho yanamtazama. Palikuwa na bata mzinga kama desturi ya huku, palikuwa na mukimo na chapati, na Wayne hakuweza kumeza hata kimoja. Mimi nilikula vizuri sana.

Pembeni ya Wayne alikaa Ella, mchumba wake mpya. Wazazi wake ni watu wa Bujumbura, yeye amekulia Toronto, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Habari zake nilikuwa nimezisikia, nikajiandaa kumchukia. Nilipoingia alinipisha kiti chenye mto, na hilo likanivurugia mipango.

"Kula, binti yangu, kula," Mama Wayne alinisisitiza. Miaka yote ile sikuwahi kuwa binti yake. Nilikuwa yule wa njoo-tukae, mwanamke aliyehamia kwa mwanaume na sanduku lake, ambaye haendewi na wazee kwa sababu tayari ameshajileta. Maneno hayo alimwambia Wayne kwa simu, sauti imefunguliwa, mimi nikiwa nakoroga supu. Sasa akaendelea: "Hiyo nyumba imewasumbua vya kutosha. Kesho mtie sahihi, kila mtu aendelee na maisha yake. Si ndivyo?"

"Maisha ni muhimu," nikasema.

Ella akanigeukia na, kwa Kiingereza cha adabu, akasema amesikia mengi mazuri kunihusu. Wayne alimweleza jinsi nilivyokuwa nikimtunzia nyumba yake kule Ufaransa.

"Nikimtunzia?"

"As a housekeeper, no?" Mfanyakazi wa nyumbani, yaani. Aliona uso wangu, akasita. "Sorry. Is that wrong?"

Nilimtazama Wayne. Wayne aliyatazama maua. Maua hayakumsaidia.

"Nilimtunzia," nikasema. "Na yeye mwenyewe nilimtunza. Ulimwambia na hiyo, Wayne?"

"Chai!" Mama Wayne alisimama ghafla. "Wayne, enda uweke chai."

"Nitamsaidia," nikasema, nikainuka kabla hajanizuia.

*

Jikoni alifungua makabati matatu akitafuta sukari iliyokuwa mbele yake. Nilimwacha atafute. Dirisha lilikuwa na mvuke, na kwa muda mfupi, sikutaka lakini ilikuwa hivyo, nilimwona yule mwanaume wa Chantrelles, amesimama karibu na jiko la kuni akipuliza vidole. Nilitaka kumshika mgongo. Nilitaka pia kumpiga kwa sufuria. Sijui ni lipi lililokuwa na nguvu zaidi.

"Umependeza," alisema bila kugeuka.

"Najua. Ndiyo maana nimelivaa."

"Umekuja kunimaliza, Nkirote?"

"Umeshakufa wewe. Nimekuja kuleta maua."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Unafikiri mimi nilisahau? Naota ile nyumba. Naota Odile ananiita nikamshushie kuni. Ella ni msichana mzuri, hana kosa lolote, lakini kila asubuhi nikifungua macho kuna dakika moja natafuta..." Akapanga kikombe kimoja kwenye sinia. "Sikuacha kukupenda. Niliogopa tu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja miaka mitatu. Nilikuwa nimeyapanga kichwani mara nyingi, na katika mipango yangu akishayasema mimi hucheka na kuondoka. Sikucheka. Nilishika ukingo wa sinki.

"Uliogopa nini? Hata ndege hukupanda."

Aliiona sukari, akaichukua, akairudisha pale pale.

"Wayne."

"Nilipanda," alisema. "Nilifika Nairobi."

"Ulifika wapi?"

"Nairobi. Ijumaa usiku. Nililala hoteli. Asubuhi nilivaa suti. Wajomba hawakutokea, Mama alikuwa amewapigia. Halafu akanipigia mimi, akasema nikienda huko peke yangu nimhesabu amekufa. Nilikaa kitandani na ile suti mpaka jioni. Nikabadilisha tiketi."

Miaka mitatu nilikuwa nimemsamehe kidogo, kwa siri, bila kujiambia. Nilimwona yuko Ufaransa, mlango umefungwa, bahari nzima katikati, mtu mwoga aliyeshindwa kuanza safari. Kumbe alikuwa safari ya saa tano kutoka barazani kwetu. Yeye na suti yake kwenye kitanda cha hoteli, Baba na koti lake kwenye kiti. Wote wawili wamevaa vizuri, mchana kutwa.

Kile kidogo nilichomsamehe nikakichukua tena.

"Beba chai," nikasema. "Twende mezani."

*

Nilingoja kila mtu amiminiwe kikombe chake. Kisha nikatoa simu, nikaiweka mezani karibu na chungu cha maua.

"Mama," nilimwambia Mama Wayne, kwa heshima zote nilizofundishwa, "Wayne ana simu moja ya kupiga. Akishaipiga, tutazungumza habari za kesho."

"Simu ya nani?"

"Ya baba yangu."

Kikombe chake kilisimama njiani. "Na mzee wa watu anahusika vipi? Mambo ya zamani hayo. Tule, tumshukuru Mungu."

"Mzee wa watu alikaa barazani siku nzima akimngoja mwanao. Hajawahi kuambiwa kwa nini."

"Hatapiga," alisema, na ule ubinti wangu ukawa umekwisha. "Mtoto wangu hawezi kudhalilishwa ndani ya nyumba yangu. Na nani? Na mwanamke aliyejileta mwenyewe?"

"Basi kesho mwambieni wakili asihangaike."

Ella aliweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza alisema Kiswahili, kizito, neno moja moja. "Wayne. Nyumba ni ya nani?"

"Ya mwanangu," Mama Wayne akajibu.

"Nimemuuliza yeye."

Wayne aliangalia maua. Kisha akanitazama mimi, na katika mtazamo ule niliona tena yule aliyepiga magoti matopeni. "Ni yetu," alisema. "Mimi na Nkirote. Hakuwa mfanyakazi. Alikuwa... nilikuwa naenda kumwoa."

Akachukua simu. Akabonyeza, akafungua sauti. Kule nyumbani ilikuwa saa mbili na nusu usiku, Baba anasikiliza habari. Ililia mara nne.

"Nkirote, mama," sauti ya Baba ikajaa meza.

"Si Nkirote, Mzee. Ni... ni Wayne."

Habari za redio ziliendelea kidogo, kisha zikapunguzwa.

"Wayne yupi?"

"Macharia, Mzee. Wa ile Julai."

"Aaa." Baba alipumua. "Wa Julai. Habari yako, kijana?"

"Nzuri, Mzee. Mzee, nimepiga kuomba msamaha. Ile siku sikuja."

"Ulipata ajali?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa sababu sisi tulidhani ni ajali. Barabara ile ni mbaya. Nilimtuma mtoto wa ndugu yangu na pikipiki hadi Chuka, aangalie kama kuna gari limeanguka. Alirudi saa nne usiku. Nilikuwa nimemkataza asimwambie Nkirote."

Hilo sikulijua. Niliinamisha kichwa. Mezani hakuna aliyegusa kikombe.

"Nilikuwa Nairobi, Mzee," Wayne alisema, na sauti yake ikakatika. "Nilikuwa hotelini. Nilikuwa mzima."

Kisha Baba akasema, taratibu kabisa, bila hasira hata chembe, kama mtu aliyeondolewa wasiwasi wa siku nyingi: "Kumbe ulikuwa mzima. Basi Mungu ashukuriwe. Tulikuwa tumekuwekea chakula."

Wayne alijifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Mama Wayne alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu.

Nilichukua simu, nikamwambia Baba kwa Kimeru kwamba nitampigia baadaye. Kisha nikavaa koti.

"Kesho sitakuja kwa wakili," nikasema. "Na kesho kutwa pia. Waambieni hao Waingereza watafute nyumba nyingine. Hii haiuzwi."

"Si ulisema akipiga simu..." Mama Wayne aliipata sauti yake.

"Nilisema tutazungumza. Ndiyo haya tumezungumza. Asante kwa chakula, Mama, mukimo ulikuwa mtamu."

Ella alisimama akanipisha. Aliukunja mtandio wangu uliokuwa umeangukia kiti, akanipa.

*

Wayne alinikuta kwenye ngazi za nje. Alikuwa amekibeba chungu, amekikumbatia na mikono miwili.

"Nyumba itaoza, Nkirote. Hakuna anayeishi mle."

"Ioze." Ndivyo nilivyokuwa nimepanga tangu mwanzo. Asiipate yeye, nisiipate mimi, mawe yaanguke moja moja. Nilikuwa nimeufurahia mpango huo safari nzima ya treni.

"Niambie nifanye nini. Nitakwenda Meru. Kesho nitakata tiketi, nitakwenda peke yangu, na Mama aseme atakalo."

Upepo ulikuwa wa baridi na yeye alikuwa na shati tu. Machozi yalikuwa hayajakauka. Angesema hivyo miaka mitatu nyuma ningempa uhai wangu. Nilimsogelea. Nilimfuta shavu kwa kiganja, mara moja, kwa sababu nilitaka kufanya hivyo tangu aliponifungulia mlango, na sikutaka kulala na hamu hiyo. Alifumba macho.

"Wayne, yule mzee hakungoji tena."

"Na wewe?"

Nilikitwaa chungu mikononi mwake, nikakiweka kwenye ngazi ya juu, karibu na boga la mama yake. Pale palikuwa pazuri. Majirani wote walikuwa na maua kama hayo milangoni mwao, na hakuna hata mmoja ambaye angejua.

"Yamwagilie," nikamwambia. "Yanadumu hadi baridi kali ianze. Kila ukiingia na kila ukitoka, uyaone."

Nikashuka ngazi. Sikugeuka, ingawa shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka.

Kwenye treni nilikaa dirishani. Niliingoja ile raha. Nilikuwa nimeipanga miaka mitatu, niliamini ingekuja na kukaa. Ilikuja, siwezi kudanganya, ilikuwa tamu tangu Pickering mpaka kama kituo cha tatu. Halafu nikaanza kulia kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa pakiti nzima ya tishu bila kuniuliza.

Simu ikalia. Ni Baba.

"Yule kijana," alisema, "alikuwa analia?"

"Alilia, Baba."

"Vizuri." Akafikiri kidogo. "Na wewe?"

"Na mimi pia."

"Hiyo si vizuri." Nilisikia kiti chake kikilia, anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. "Sasa hiyo nyumba waliyokuwa wanaipigania. Ni yako?"

"Nusu ni yangu. Nimekataa kuuza. Nimewaambia ioze."

"Ina paa?"

"Nililiezeka mwenyewe. Na fundi."

"Ina jirani mwema?"

"Yuko mmoja. Mjane. Nilimwachia ufunguo. Huwa anafungua madirisha kila Jumapili."

"Nyumba yenye paa na jirani, unaiachaje ioze, Nkirote?" alisema, na sasa ndiyo nikamsikia amekasirika kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Kuna baridi huko?"

"Wakati mwingine, Baba. Baridi sana."

"Chukua likizo yako, ukafungue hiyo nyumba. Mimi nitaanza kutafuta pasi." Alikohoa. "Nina koti. Nimelivaa mara moja tu."